Misuli haijengwi kwa sindano

SIKU moja mwezi Septemba mwaka jana, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19 alinijia nyumbani na kichupa kisicho na karatasi ya maelezo. Alikinunua katikati ya jiji la Kampala kwa kijana anayefanya naye mazoezi.

"Mjomba, nichome sindano hii, mimi mwenyewe naogopa," aliniambia. Nilipomwuliza ni dawa ya nini, alisema ni ya kuchomoza misuli ya tumbo kabla ya Krismasi.

Sikumkaripia. Nilipokuwa na umri wake nilimimina saruji katika makopo mawili ya rangi, nikayaunganisha kwa bomba, nayo ndiyo yakawa vyuma vyangu. Kila usiku nilipiga sitapu 200. Tumbo likabaki vilevile, kwani kila jioni nilikula rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, nikateremshia soda.

Ukweli ni kwamba kila mtu ana misuli ya tumbo. Kinachoificha ni mafuta yaliyoifunika. Sitapu huimarisha misuli hiyo, lakini haziyeyushi mafuta ya mahali hapo. Mwili hutumia akiba yake ya mafuta pale chakula kinapokuwa pungufu ya nguvu unazotumia, nao ndio huamua uanzie wapi, mgongoni, usoni au tumboni. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini kalori 4. Pombe ina 7, jambo ambalo wanywaji wengi hawalihesabu.

Hata hivyo, kujinyima chakula ovyo si dawa, kwa sababu mwili hula misuli yake pia. Kinga ni kunyanyua uzito na kula protini ya kutosha. Kwa anayenyanyua vyuma, gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku zinatosha. Mpwa wangu ana kilo 70, basi anahitaji gramu 112. Yai moja lina takriban gramu 6. Zinazobaki zitatoka kwenye maharage, karanga, maziwa, samaki na mukene, yaani dagaa wetu wa ziwani, ambao bei yao haimshindi mtu wa kawaida. Posho na matoke havikatazwi, ila kilima kile cha kwenye sahani kishuke.

Mazoezi niliyompangia ni ya siku tatu kwa wiki, akipumzika siku moja katikati: pushapu, kujivuta kwenye bomba, kuchuchumaa na mzigo begani na kunyanyua uzito kutoka chini. Kila inapowezekana aongeze kidogo, kwani msuli usioongezewa kazi hauna sababu ya kukua. Na alale muda wa saa 7 hadi 9.

Kuhusu sindano, nilimweleza bila kuficha. Homoni za kiume za bandia hukuza misuli kweli, lakini zaweza kusinyaza korodani, kuotesha matiti, kuleta utasa na kudhuru moyo na ini. Michezoni zimepigwa marufuku. Isitoshe, kichupa kisicho na maelezo chaweza kuwa na kitu chochote, na sindano ya kuchangia huleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake tulikipeleka kichupa kwa mfamasia akakiteketeze.

Krismasi ilifika, na tumbo halikuwa limechorwa kama la kwenye picha. Lakini mkanda wa suruali ulikuwa umeingia ndani matundu mawili, na yule aliyeanza kwa kujivuta bombani mara 2 alijivuta mara 8 mbele yangu. "Mjomba, hesabu vizuri," alisema akihema. Nilihesabu vizuri.