Viduara Vyeupe Katika Picha: Malaika, Uchawi, ao Vumbi?



Baada ya kesha moja la maombi hapa Butembo, kijana alipiga picha na telefone yake. Katika picha kulionekana viduara vyeupe, na kimoja kilikaa juu ya kichwa cha mama mjane. Kulipokucha, picha ilikuwa imekwisha kuzunguka mtaa. Wengine walisema ni malaika. Wengine walisema ni uchawi wa yule mama. Jumapili iliyofuata hakuna aliyetaka kuketi karibu naye.

Tufahamu jambo hili. Flashi ya telefone iko karibu sana na jicho la kamera. Chembe ya vumbi ikipita sentimeta chache mbele ya jicho hilo, flashi inaimulika kwa nguvu, na mwangaza unarudi ndani ya kamera. Lakini kamera inalenga watu walio mbali. Kitu cha karibu hakionekani vizuri; kinapanuka na kuwa duara. Tone la mvua ao la ukungu hufanya vilevile.

Jaribuni wenyewe. Wakati wa kiangazi, usiku, simameni kando ya barabara ya udongo, Beni ao Butembo, pikipiki ikiisha kupita. Mkipiga picha na flashi, viduara vinajaa. Mkizima flashi, havipo. Pepo hafukuzwi kwa kuzima flashi.

Je, ninakana malaika na mapepo? Hapana! Lakini 1 Yohana 4:1 inatuagiza kuzijaribu roho, na mstari wa pili unaonyesha kipimo: kumkiri Yesu Kristo aliyekuja katika mwili. Picha si kipimo. Tena Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili ao watatu kabla ya kumhukumu mtu. Chembe ya vumbi si shahidi.

Sisi tunajua uvumi unavyoua. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa mashariki mwa nchi yetu, na maneno yasiyochunguzwa yaliwafanya wengine wawakimbie wauguzi.

Tulimwendea yule mama, tukamwomba msamaha. Kijana alifuta picha yake, lakini ile iliyo katika telefone za wengine hawezi kuifuta. Ndugu yangu, dada yangu, chunguza kwanza, ndipo utume.

Bwana awabariki.