Kilo Saba Ziwani: Ubebe Nini kutoka Homa Bay hadi Muhuru

Ushauri mwingi wa kufungasha mizigo ya safari ya maji umeandikiwa abiria wa meli kubwa za kitalii, kama zile zinazotia nanga Mombasa. Abiria huyo hufungua sanduku mara moja, akatundika nguo kabatini, na chumba kikasafiri naye wiki nzima. Akibeba kupita kiasi, haimgharimu sana, kwa sababu sanduku likishaingia chumbani haliguswi tena hadi siku ya kushuka. Anayezunguka ziwa letu la Victoria kwa likizo, kutoka mji wa Homa Bay hadi Mbita, Rusinga na Mfangano, kisha Sori na Muhuru Bay upande wa Migori, hana raha hiyo. Asubuhi ni matatu, mchana boda boda, kesho yake boti, na jioni ni miguu yake mwenyewe. Kila anapobadilisha chombo mzigo huinuliwa, hufungwa kwa kamba, na mara nyingi hutozwa. Bei ya begi dukani ni sehemu ndogo tu ya gharama yake.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano, nawe uzirekebishe kwa bei za siku yako. Msafiri wa kwanza anatoka Nairobi kwa ndege hadi Kisumu na sanduku la kilo 20. Jambojet inaruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7, na sanduku la kupakiwa hulipiwa. Tuseme ni shilingi 1,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Kutoka uwanjani hadi kitanda chake Mfangano atabadilisha chombo mara nne au tano, na tuseme tatu kati ya hizo analipa 100 za ziada: boda boda inayolaza sanduku juu ya tangi, makanga anayeliona sanduku kama abiria wa pili, kijana wa kulibeba kutoka gati. Kwenda na kurudi ni 600. Jumla 3,600, na hajala chochote. Msafiri wa pili ana mkoba wa mgongoni wa kilo 7. Halipi hata senti kwa mzigo, ila anafuliwa nguo mara mbili na mama fua kwa 300 kila mara. Tofauti ni shilingi 3,000, nazo zinaweza kumlaza usiku mwingine katika nyumba ya wageni ya kawaida mjini Mbita.

Kwa basi la usiku kutoka Nairobi hesabu hupungua, maana buti ya basi humeza sanduku bila maswali. Lakini mara nyingi basi linakuacha Homa Bay au Migori, na ziwa bado liko mbele.

Sasa begi lenyewe. Sanduku lenye magurudumu ningeliacha nyumbani bila kusita. Magurudumu yana faida kwenye sakafu laini, na safari hii sakafu ya namna hiyo utaikuta uwanja wa ndege tu. Kutoka hapo ni kokoto, mchanga na mbao za gati zilizoachana. Sanduku gumu pia halijikunji chini ya kiti cha boti, kwa hiyo huwekwa juu au njiani, mahali ambapo watu wanapaswa kupita haraka wakilazimika.

Mikoba ya shule inayouzwa kila soko ni ya bei rahisi kuliko yote, na inafaa kwa safari ya siku mbili. Ikijazwa kilo 7 na kurushwa juu ya matatu mara kadhaa, mishono ya mikanda ndiyo hukatika kwanza. Chaguo langu ni mkoba wa mtumba wa lita 30 hadi 40, ule uliotengenezwa kwa ajili ya kupanda milima. Hupatikana sokoni Homa Bay na Migori siku yenye bahati, na Gikomba, Nairobi, karibu kila siku. Usiangalie rangi. Vuta zipu mara kumi kwenda na kurudi, geuza ndani utazame mshono pale mkanda unaposhikana na mgongo, kisha ujaze nguo za muuzaji na uvae. Mkoba mzuri una mkanda wa kiunoni. Huo huhamisha uzito kutoka mabegani, nayo mikono yote miwili hubaki huru kushika ubavu wa boti. Mtu anayepanda boti akiwa na mkono mmoja tu wa kushikia yumo hatarini, hata ziwa likiwa shwari.

Kuhusu maji, mambo yalibadilika Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Zamani kila kitu kilifungwa kwa mfuko mweusi na msafiri akajisahau. Anayeingia kutoka Tanzania kupitia Isebania ajue kwamba sheria ni kali pande zote mbili, kwani Tanzania ilifuata Juni 1, 2019. Kuna njia tatu za kuweka nguo na simu kavu. Ya kwanza ni mfuko wa turubai usiopitisha maji, unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa. Ni mwepesi, lakini katika maduka ya vifaa vya safari Nairobi bei yake huuma. Ya pili ni gunia la nailoni. Ni karibu bure, ila huzuia vumbi kuliko maji. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, ile iliyouzwa na mafuta ya kupikia au rangi. Ukiiosha vizuri ukatia simu, chaja, dawa, vitambulisho na shati moja kavu, mawimbi yatapiga na hutakuta tone ndani. Ndoo ndogo ya lita 5 huning'inizwa kwenye mkoba. Ukifika, inakuwa ndoo ya kufulia, na ya kuogea pale mifereji inapokauka. Kwa shilingi mia na kitu, hakuna kifaa kingine cha safari kinachofanya kazi nyingi hivyo.

Nguo hazihitaji maneno mengi. Seti tatu zinatosha: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kavu. Jua la Homa Bay hukausha fulana kabla ya chakula cha mchana. Jinzi ibaki nyumbani, kwa kuwa ikilowa ina uzito wa mtoto na haikauki hadi kesho yake. Leso mbili hufanya kazi ya taulo, shuka, kitambaa cha kujifunika upepo na pazia la kubadilishia nguo. Beba sweta moja jepesi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri botini baridi inauma kuliko mgeni anavyotarajia. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupaka na betri viko kwenye vibanda vya Mbita, Sindo na Sori katika vipakiti vidogo. Kubeba chupa nzima ya losheni kutoka Nairobi ni kusafirisha bidhaa mahali ambako inauzwa tayari.

Viatu ndivyo vinavyotaka akili, kwa sababu ya kichocho. Vimelea vya ugonjwa huu hutoka kwa konokono wa maji ya kando ya ziwa na hupenya ngozi bila kuuma. Mbita, na Sena kisiwani Mfangano, kuna gati, na unaweza kushuka ukiwa mkavu. Fuo nyingine nyingi boti husimama kwenye maji ya magotini, nawe unashuka humo. Patipati za bei rahisi hazikingi chochote na hubaki kwenye tope. Gambuti hukinga, lakini ni nzito, na ukianguka kwenye kina kirefu hujaa maji zikakuvuta chini. Nisingeruhusu mtu wangu azivae botini. Panga kushukia penye gati kila inapowezekana, na pasipo na gati mlipe kijana wa ufukweni akusogezee mtumbwi mdogo. Fedha hizo zimetumika vyema. Ukilazimika kuingia majini, kapimwe wiki 6 hadi 8 baada ya safari. Dawa ya praziquantel inajulikana katika kila hospitali ya kaunti hizi. Kwa nchi kavu vaa raba nyepesi zilizofunikwa, maana utazihitaji Thimlich Ohinga, kule Migori, ambako kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nyasi zake hazifai vidole wazi.

Kuna mahali pa kutobana matumizi. Kwanza ni mbu. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zenye malaria kali zaidi nchini, na chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya Septemba 2019, uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Nyumba nyingi za wageni zina chandarua, lakini baadhi zimetoboka. Chandarua chako kina uzito wa takriban nusu kilo. Nusu kilo hiyo ilinganishe na siku nne za homa, damu ya kupimwa, dawa na nauli ya kurudi mapema. Mtu akiniambia amekiacha ili begi liwe jepesi, nitamwambia atoe raba za pili akirudishe.

Pili ni jaketi la kuokolea maisha. Hapa familia nyingi hukosea chaguo. Mtu mzima hana haja ya kununua lake kama atachagua boti inayotoa. Mabasi ya maji kati ya Mbita na visiwa huwapa abiria majaketi na kuwataka wayavae, na kwa tofauti ndogo ya nauli ukilinganisha na boti ya injini inayojaza watu na magunia, sioni sababu ya kusita. Mtoto ni jambo jingine. Majaketi mengi ya botini ni ya watu wazima, na mtoto wa miaka minne huteleza akatokea chini yake. Kwa hiyo fedha za jaketi zitumike kwa mtoto: la ukubwa wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu na filimbi. Nunua kabla ya kuondoka Nairobi au Kisumu, na mvalishe nyumbani umwinue kwa mabega ya jaketi. Akibaki ndani yake, linafaa. Hakuna kitu kingine katika orodha yote hii ninachokisisitiza kama hicho. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Walikufa zaidi ya 200, na nchi kavu ilikuwa inaonekana.

Saa ya kusafiri nayo ni mzigo au nafuu. Asubuhi ziwa hutulia. Kuanzia mchana upepo huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na mawimbi huinuka. Anayeondoka Mbita mapema hufika kisiwani akiwa amelowa vidole tu, na hahitaji koti zito la mvua. Anayechelewa atahitaji koti, mfuko bora na moyo mgumu. Kuamka mapema hakulipiwi, na ni nusu kilo umeokoa.

Wenye gari wana chaguo zuri zaidi. Feri ya Mbita na Luanda Kotieno huvusha magari, na hiyo hufupisha safari ya anayetoka upande wa Siaya. Kisha begi kubwa libaki ndani ya gari au kwa mwenye nyumba ya wageni Mbita, nawe uende Mfangano usiku mbili na mkoba mdogo tu. Nimewaona watu wakivusha masanduku mpaka Sena na kuyarudisha bila kuyafungua.

Kutoka Mbita kwenda upande wa Migori kuna njia mbili. Ya kando ya ziwa hupita Sindo na Magunga hadi Sori, na mandhari yake ni tamu, ila mwenye mkoba ajiandae kwa vumbi. Gunia la nailoni nililolidharau juu ndiyo kazi yake hiyo: livishe mkoba kabla haujapanda juu ya matatu. Ya pili inazunguka kwa lami kupitia Homa Bay na Rongo. Ni ndefu, lakini magari ni mengi na begi hufika safi. Mwenye watoto au mzigo mkubwa achukue hiyo. Mwenye kilo 7 aende na ziwa. Akipitia Hifadhi ya Taifa ya Ruma kuwaona swala aina ya korongo, akumbuke kwamba tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, chupa za maji zikiwemo. Chupa ya chuma ya lita moja hugharimu sawa na chupa kumi au kumi na tano za dukani, kwa hiyo ndani ya wiki imejilipa. Ijaze maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Ya ziwa usiyanywe hivi hivi hata yakionekana meupe.

Mwisho, acha nafasi kwa ajili ya kurudi. Ukifika Sori au Muhuru Bay utataka omena kavu, na ni halali yako, kwa kuwa bei ya ufukweni haifanani na ya Nairobi. Gorogoro moja au mbili zinatosha nyumba ya kawaida. Nunua asubuhi, zile zilizoanikwa kwenye neti na siyo juu ya mchanga, uvunje moja kwa vidole: ikikatika kwa sauti imekauka, ikijikunja itavunda njiani. Hamishia simu na dawa mfukoni, tia omena kwenye ndoo yenye kifuniko, bana kabisa, na abiria wenzako kwenye basi la usiku hawatajua umebeba nini.