Kabati Likisogea, Jirani Yake Anavutika

Muunganiko usiokusudiwa hutokea katika modeli ya jengo kwenye kompyuta pale vitu viwili vinaposhikamana bila mchoraji kuamua vishikamane. Anasogeza kimoja, cha pili kinafuata, kinavutika, kinapinda au kinatoweka. Mara nyingi badiliko hilo hutokea upande wa jengo ambao hauonekani kwenye skrini wakati huo, na ubaya wake uko hapo hasa. Mchoraji anaendelea na kazi, anahifadhi faili, na kosa linakuja kugunduliwa baada ya wiki kadhaa, pengine fundi akiwa ameshapanga kozi tatu za tofali.

Katika nyumba halisi, kugusana si kuungana. Kabati la nguo likiegemezwa ukutani linabaki kabati, na hakuna anayehofia kwamba siku ya kuhama litaondoka na lipu. Programu ya kompyuta haijui hivyo. Yenyewe inaona nukta, mistari na nyuso tu, na inalazimika kukisia nia ya mchoraji kutokana na mahali alipochora. Mstari ukiishia juu ya nukta ya mstari mwingine, huenda ni ukuta unaokutana na mwenzake kwenye kona, na huenda ni ukingo wa meza uliosogezwa karibu mno. Kila programu ina kanuni yake ya kukisia, na anayeitumia bila kuijua kanuni hiyo hana budi kushangazwa.

Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni ya SketchUp, programu iliyotolewa mwaka 2000 na kampuni ya Colorado, Marekani, ikanunuliwa na Google mwaka 2006 na kisha na Trimble mwaka 2012. Humo, mistari inayogusana inagandana. Mistari miwili ikilaliana inakuwa mmoja. Mstari ukikatiza uso, uso unagawanyika. Mstari unaozunguka uso ukifutwa, uso nao unapotea. Tabia hii si kasoro. Ndiyo inayomwezesha mtu kuchora mstatili, kuuvuta uwe boksi, kuchora mlango ubavuni mwake na kuusukuma ndani, yote kwa dakika moja.

Makabati mawili ya jikoni yanatosha kuonyesha upande wa pili wa tabia hiyo. La kwanza lina upana wa sentimita 60, la pili limechorwa ubavuni mwake, nalo ni la sentimita 60. Kwa macho ni makabati mawili. Kwa programu ni umbo moja lenye ubao mmoja wa katikati, kwa sababu kingo za upande yalipokutana zimekwisha kuwa zilezile. Mchoraji analichagua kabati la pili lote, pamoja na kingo hizo, analisogeza kulia kwa sentimita 40 apate nafasi ya jiko la gesi. Nafasi haipatikani: kabati la kwanza limevutika hadi sentimita 100. Asipoangalia vipimo atadhani jambo halikufanyika, atasogeza tena, na kabati litazidi kurefuka.

Dawa yake ni kulifungia umbo ndani ya kundi mara tu linapokamilika, kabla halijaguswa na kitu kingine. Kilichomo ndani ya kundi hakigandi na kilicho nje. Kuna pia komponenti, ambayo ni kundi lenye kumbukumbu: nakala zake zote zinatoka kwenye asili moja, na anayebadilisha moja amezibadilisha zote. Kwa madirisha 40 ya hosteli hiyo ni neema. Kwa dirisha la bafu lililonakiliwa kutoka dirisha la sebule kisha likafupishwa, ni balaa, maana sebule nayo itapata dirisha fupi. Kabla ya kulifupisha, nakala hiyo hutengwa kwanza na wenzake kwa amri maalumu iwe ya pekee.

Waliozoea michoro bapa ya AutoCAD huingia katika mtego mwingine. Wanaweka kuta kwenye leya moja na samani kwenye leya nyingine, wakiamini wamezitenganisha. Katika SketchUp leya haikutenganisha kitu kamwe. Ilionyesha na kuficha tu. Kilichogandana kiliendelea kugandana hata kama nusu yake imefichwa, na hali hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa kinachovutika hakionekani. Katika toleo la mwaka 2020 jina la leya lilibadilishwa likawa tagi, na badiliko hilo lilistahili kufanywa mapema zaidi.

Kundi la pili la programu halitegemei kugandana kwa mistari. Linategemea masharti. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Ivan Sutherland alitetea tasnifu yake ya udaktari kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji alitumia kalamu ya mwanga kwenye kioo cha kompyuta ya TX-2, na aliweza kuiagiza mashine kwamba mistari hii miwili iwe sambamba, au ule uwe na urefu sawa na huu. Mashine iliyashika masharti hayo na kuyatimiza kila mchoro ulipobadilika. Iliweza pia kutunza umbo la asili lenye nakala nyingi, ambazo zote hubadilika pamoja nalo.

Wazo hilo lilikuzwa kwanza na wahandisi wa mitambo. Kisha Leonid Raiz na Irwin Jungreis, waliokuwa wamefanya kazi katika programu za fani hiyo, walianzisha mwaka 1997 kampuni huko Massachusetts iliyotengeneza Revit. Programu ilitoka mwaka 2000, na mwaka 2002 kampuni ikanunuliwa na Autodesk. Katika Revit ukuta unajua kuwa ni ukuta. Mlango unakaa ndani ya ukuta, na ukuta ukifutwa mlango unakwenda nao. Sakafu iliyochorwa kwa kuchagua kuta inazifuata kuta hizo. Kuta mbili zinazokutana kwenye kona zinajiunga zenyewe, na moja ikisogezwa nyingine inarefuka ili kona isiachane. Yote haya msanifu anayataka. Shida ni yale ambayo hakuyataka, au aliyataka mwezi wa tatu na kuyasahau mwezi wa saba.

Chanzo kikubwa ni kufuli. Mtu akilinganisha dirisha la ghorofani na mlango wa chini ili vikae kwenye mstari mmoja, programu inamwonyesha alama ndogo ya kufuli iliyo wazi. Kubofya mara moja kunaifunga. Wapo wanaoifunga kwa mazoea, wakidhani ni namna ya kuthibitisha kazi. Kumbe wameweka sharti la kudumu. Siku mteja atakapoomba mlango usogezwe sentimita 80 kushoto, dirisha la juu litasogea nalo, huenda hadi mbele ya ukuta unaogawa vyumba viwili vya kulala, ilhali aliyekaa kwenye kompyuta anatazama ramani ya chini tu. Masharti yakigongana, programu inakataa na kutangaza kwamba hayawezi kutimizwa. Tangazo hilo huwaudhi watu, lakini ni afadhali kuliko sharti linalotimizwa kimyakimya.

Vipimo vina hila yao. Mstari wa kipimo ukifungwa kufuli, umbali ule hauwezi kubadilika tena. Mchoraji akiufuta baadaye, Revit inamwambia kwamba kipimo kinafutwa lakini sharti halifutwi, na inampa kitufe cha kuliondoa. Mwenye haraka hubofya sawa na kuendelea. Kipimo kimetoweka kwenye karatasi, sharti limebaki ndani ya modeli bila alama inayoonekana kwa kawaida, na atakayerithi faili atashindwa kuelewa kwa nini ukuta fulani hausogei bila kumburuta mwenzake.

Muunganiko wa aina nao una madhara yake. Ukuta wa tofali la inchi 6, yaani milimita 150, ni aina moja inayotumika nyumba nzima. Msanifu akitaka ukuta mmoja tu wa nje uwe wa milimita 230, kisha akaingia kwenye sifa za aina na kubadilisha namba, kuta zote za aina hiyo zinanenepa papo hapo. Chumba chenye mita 3 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta kilikuwa na nafasi ya ndani ya mita 2.85, sasa kina mita 2.77. Sentimita 8 si kitu kwa mtazamaji wa picha. Kwa kitanda na kabati vilivyopimwa vitoshee ukuta hadi ukuta ni nyingi, na mkadiriaji majenzi anayechukua idadi ya tofali kutoka kwenye modeli hiyohiyo atakuwa anahesabu nyumba nyingine kabisa. Ilipasa kwanza kunakili aina, kuipa jina jipya, na kuubadilisha ukuta ule mmoja.

Yapo pia madhara ya mbali yanayotokana na muunganiko uliokusudiwa. Kimo cha ghorofa kikipandishwa kutoka mita 3 hadi 3.3, kuta zilizofungwa kwenye usawa wa juu zinapanda, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini ngazi yenye vimo 20 vya sentimita 15 sasa inahitaji 22, na kila hatua ikiwa na kina cha sentimita 28, ngazi inataka sentimita 56 zaidi kwa urefu. Ukumbi uliopimwa kwa ngazi ya awali hauna nafasi hiyo.

Kuvumbua miunganiko iliyofichika kunataka uchunguzi wa makusudi. Katika SketchUp, kubofya kitu mara tatu huchagua kila kilichogandana nacho. Kiti kikibofywa na nyumba nzima ikageuka rangi, jibu limepatikana. Katika Revit kuna mtazamo wa muda unaoonyesha masharti yote ya mchoro ulio wazi, na kuna pini ya kuvizuia vitu visivyotakiwa kusogezwa, kama gridi za nguzo. Njia ya kienyeji bado ni nzuri kuliko zote: kusogeza kitu kwa umbali mkubwa wa makusudi, kutazama modeli nzima kwa pande tatu kuona nini kimefuata, kisha kutengua.

Kukata viungo vyote, hata hivyo, kunaleta hasara nyingine. Kona iliyozuiwa kuta zake zisijiunge inaweza kuacha mwanya, na chumba kisichofungika hakihesabiwi eneo lake. Madirisha 40 yaliyofanywa kila moja kuwa la pekee, kwa kuogopa lisiguse jingine, yatabadilishwa moja baada ya jingine siku mteja atakapotaka fremu za alumini badala ya mbao, na la thelathini na tisa ndilo litakalosahauliwa.