Sayari hazilali, mwanao alale

Mzazi, ukiamka saa nane usiku hapa Dodoma ukamkuta mwanao kashika simu, usianze na fimbo. Muulize anajenga nini. Kwenye OGame, mchezo wa Kijerumani ulioanza mwaka 2002, mchezaji huchimba metali, kristali na deuteri, kisha huanzisha makoloni kwenye sayari nyingine. Hapo mtoto anajifunza kupanga matumizi. Tatizo, mchezo hausimami: akilala, wachezaji wengine wanaweza kumvamia na kupora akiba yake. Ndiyo maana anakesha, asubuhi anasinzia darasani. Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Dawa imo humohumo: kabla ya kulala, apakie akiba kwenye meli zake za anga, azitume safari ndefu, zikiwa njiani hazivamiwi. Kisha simu ilale chumbani kwako.