Slabu Si Maegesho

Ukishuka Barabara ya Lumumba kutoka Mwanga kuelekea stesheni, unaona jinsi mji mzima wa Kigoma unavyoinamia ziwani. Maji ya mvua nayo hufuata mwelekeo huohuo, ndiyo maana kandokando ya lami kuna mitaro. Ili watu wavuke, juu ya mtaro hulazwa slabu, na ukingo wa barabara hushushwa mpaka usawa wa lami. Hapo ndipo anapopita mwenye kiti mwendo, anayesukuma toroli la dagaa kutoka Kibirizi, na mzee ambaye magoti yake yamechoka. Bahati mbaya, kwa kuwa pako wazi, dereva naye hupaona pazuri pa kuegesha.

Tupige hesabu kidogo. Ukingo wa kawaida una kimo cha sentimita 15 hivi. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo. Hayapandi kimo hicho. Wajenzi hukadiria sentimita 12 za mteremko kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ukingo huo unadai karibu mita 2 zilizo wazi. Gari likisimama hapo "dakika moja tu", mwenye kiti mwendo ama arudi alikotoka, ama aingie barabarani kati ya daladala na bodaboda. Asiyeona naye hutambua kwa fimbo nyeupe kwamba njia imeinama, yaani lami i karibu. Mimi nikiona gari limelala juu ya slabu, naona mlango uliopigwa misumari.

Sheria inasemaje? Uingereza, sheria yao ya mwaka 2004 inautaja ukingo ulioshushwa waziwazi, na kosa lipo hata pasipo kibao wala mstari. Kwetu tunaanzia kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973: chombo hakiachwi mahali kinapowazuia au kuwahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Mwenda kwa miguu ni mmoja wao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inawapa haki ya kufika mahali pa umma bila vikwazo.

Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo ilikuwa shilingi 30,000 kwa gari. Ya pikipiki na bajaji ilishushwa mwaka huohuo hadi 10,000 kwa kosa, lakini haikufutwa, kwa hiyo kijiwe cha bodaboda kilichopangwa juu ya kivuko hakijasamehewa. Kulipa ushuru wa maegesho pia hakukupi ruhusa ya kuziba njia.

Wenye maduka huniambia, "Slabu hii nimeimwaga kwa saruji yangu." Nawaelewa, saruji ni ghali. Lakini ikiwa imelala ndani ya hifadhi ya barabara, gharama ni yako, njia ni ya wote. Mteja akija na gari, mwoneshe pa kuegesha kabla hajazima injini.