TAA KUBWA SI DAWA YA GIZA LA BANDA LA GARI

Katika nchi yetu ya Uganda, ambayo mstari wa ikweta umeipitia, jua halina mazoea ya kuchelewa. Mwaka mzima huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 na dakika chache jioni, na baada ya hapo giza hutanda upesi, kwa muda wa dakika ishirini tu hivi. Ndio wakati ule ule ambao baba na mama wa nyumba wanarudi kazini, watoto wangali uani, na lango linafunguliwa ili gari liingie.

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya alifunga juu ya banda la gari nyumbani kwake, Entebbe, taa moja ya wati 500, ya aina ile ya zamani yenye kijiti cha kioo kinachowaka kama moto wa mhunzi. Nakiri kwamba niliionea fahari. Iliangaza hadi ng'ambo ya barabara, na jirani yangu, ambaye ni mzee mstaarabu, akaja kuniuliza kwa upole kama ningeweza kumwachia usiku wake alale. Nilimjibu kwamba ni kwa ajili ya usalama wetu sote.

Jioni moja ya mvua niliingia langoni, na taa ile ikanipiga usoni kupitia kioo chenye matone. Sikuona banda wala njia. Niliona weupe mtupu. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, alikuwa ametoka kunifungulia mlango wa banda, kama wafanyavyo wazazi wetu hata wakikatazwa. Nilisimamisha gari kwa sababu nilisikia sauti yake ikiniita kwa jina la utotoni. Nilipotoka nilimkuta amesimama hatua mbili mbele ya bampa. Hakusema neno. Alichukua mfuko wangu akaingia nao ndani.

Lililonitia aibu zaidi ni kwamba jambo hili nalijua kwa kazi yangu. Kila kuruta hufundishwa kwamba jicho la binadamu huhitaji nusu saa hivi ili lizoee giza barabara, na kwamba mwanga mkali wa nukta moja tu huiharibu subira hiyo yote. Kadhalika hufundishwa kwamba mlinzi hawekwi chini ya taa: huangazwa ardhi atakayopita adui, naye mlinzi hubaki kivulini akiitazama. Mimi nilifanya kinyume. Niliangaza macho yangu mwenyewe, nikaiacha ardhi gizani. Na mwizi, lau angekuja, angejibanza nyuma ya pipa la maji katika kivuli cheusi ambacho taa yangu ndiyo iliyokiumba.

Basi niliishusha. Mahali pake niliweka taa mbili za LED za wati 7 kila moja, kulia na kushoto kwa mlango wa banda, zenye kofia juu ili mwanga uanguke chini usitoke nje kwenda machoni mwa dereva au dirishani mwa jirani. Mbili ni bora kuliko moja, kwa kuwa kivuli kinachotupwa na taa ya kulia hufutwa na ile ya kushoto. Kando ya njia, kutoka langoni, niliweka taa tatu fupi za wati 3, zisizofika magotini. Hesabu yake ni rahisi: ile kubwa, ikiwaka saa 12 kila usiku, ilikula uniti 180 kwa mwezi, hizi tano kwa pamoja hazifikishi uniti 9.

Rangi ya mwanga nayo si mapambo tu. Mwanga mweupe wenye ubuluu huita wadudu kuliko ule wa manjano. Sisi tukaao kando ya ziwa twawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi, na mwezi wa Novemba huja senene, ambao kwa hakika hatuwachukii. Lakini watoto wa mtaa mzima wakikimbilia senene mbele ya banda lako wakati unapoegesha gari, hiyo ni hatari nyingine.

Ndani ya banda watu wengi hutundika taa moja katikati ya dari. Taa hiyo huangaza paa la gari, ambalo halihitaji kuonwa na mtu. Ihamishe pembeni, juu ya nafasi ile unayopita ukishuka, na kuta uzipake chokaa.

Kuhusu vitambuzi vya mwendo, vinavyowasha taa vyenyewe, yafaa kujua kwamba huhisi joto la mwili unaosogea, na humkamata mtu anayekatiza mbele yake upesi kuliko anayekuja moja kwa moja. Kwa hiyo kifungwe ubavuni mwa njia. Taa za nguvu ya jua nazo ni msaada mkubwa umeme unapokatika, ila usizichomeke chini ya mwembe halafu ukalaumu kiwanda.

Kazi ya nyaya mwachie fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Taa ya nje iwe imezibwa isipenywe na maji, waya wa ardhini upite ndani ya bomba, na pawepo swichi ya kukata umeme ukivuja. Asiye na fedha za hayo yote aanze na mawe: ayapange kando ya njia na kuyapaka chokaa, kama tufanyavyo kambini. Raia hutucheka kwa mawe yetu meupe, lakini usiku taa za gari huyaona kutoka mbali.

Mama alipokuja tena aliuliza ile taa kubwa ilikwenda wapi. Nilimwambia iliharibika.