Muswada Ukija Mbio, Bariadi Hupata Habari Sheria Ikishapita

Mwezi Juni pamba ya Simiyu huwa mizani. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei, na Juni inapofika wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wako kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), wakiulizana kama wanunuzi watapanda juu ya bei dira au watakwama hapohapo. Mwezi huohuo, Dodoma, Bunge linamaliza bajeti na kupitisha Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ndio unaoamua kodi, ushuru na tozo za kuanzia Julai mosi. Kwa hiyo Serikali huwa na haraka kubwa kuliko wakati wowote, katika siku zilezile ambazo mkulima hana hata saa moja ya kufuatilia.

Tozo za miamala ya simu zilipita hapo. Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2021 ulirekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa kwa kifungu ambacho watu wengi walikifahamu Julai 15, siku makato yalipoanza: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa. Mzazi wa Ngulyati, Bariadi, anayemtumia mwanawe nauli na ada akakatwa, na mtoto naye akakatwa alipokwenda kwa wakala. Malalamiko yalipanda hadi tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30 kuanzia Septemba 7 mwaka huohuo, zikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa. Muswada uliochukua wiki chache kupita ulihitaji miaka miwili kutengenezwa. Hakuna kitu kilichogunduliwa katika miaka hiyo miwili ambacho wakala wa simu wa Bariadi asingeiambia kamati ya Bunge kwa nusu saa, kama angeulizwa.

Ili kuelewa kinachopotea haraka inapoingia, tuangalie njia ya kawaida. Kanuni za Kudumu za Bunge zinataka muswada wa Serikali uchapishwe kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Siku hiyo Katibu Mezani husoma jina la muswada tu, hakuna mjadala. Spika huupeleka kwenye kamati inayohusika, na kamati huita wadau watoe maoni. Baadaye waziri anarudi ukumbini kueleza madhumuni, wabunge wanachangia, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupita kifungu kwa kifungu. Muswada ukishasomwa mara ya tatu unakwenda kwa Rais, na kwa mujibu wa Ibara ya 97 ya Katiba, hauwi sheria mpaka atie saini.

Katika hatua zote hizo, inayozaa matunda ni ile ya kamati. Ukumbini mbunge ana dakika chache, kamera zimewashwa na chama kinamtazama. Kwenye kamati hali ni tofauti: mwandishi wa sheria wa Serikali anakaa meza moja na watu ambao sheria itawagusa, na swali kama "kifungu hiki kinamhusu nani hasa?" linapata jibu. Makosa ya uandishi yanaonekana hapo, na waziri anaweza kukubali kurekebisha bila kuonekana ameshindwa.

Sasa ije hati ya dharura. Ni hati yenye saini ya Rais inayosema muswada uliotajwa ni wa haraka, na ikiwepo, zile siku 21 za kuchapishwa hazidaiwi. Muswada wa Sheria ya Fedha wenyewe hausubiri hata hati hiyo, kwa kuwa Kanuni zimeuondolea sharti hilo. Na bajeti ina uzito wake: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kuvunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge anayekaa Juni kujadili mapato na matumizi analijua hilo vizuri.

Siipingi hati ya dharura kama chombo. Maradhi ya mlipuko yakiingia, au mwanya wa sheria ukiwa unavujisha fedha za umma kila siku, Serikali inayosubiri wiki tatu inawakosea watu wake. Shida yangu ni kwamba sababu ya dharura haipimwi. Haiandikwi kwa kirefu mahali mwananchi anaweza kuisoma, na Bunge halikai kuijadili kwanza kabla ya kuujadili muswada wenyewe. Rais akishasema ni dharura, jambo limekwisha.

Julai 2015 ugomvi kuhusu hati hiyo ulifika kilele. Zikiwa zimebaki siku chache Bunge la Kumi lifungwe, Serikali ilileta kwa hati ya dharura miswada mitatu mizito kwa pamoja: wa petroli, wa usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi na uwajibikaji katika rasilimali za madini, mafuta na gesi. Hii ilikuwa miaka miwili tu baada ya vurugu za Mtwara kuhusu bomba la gesi. Wabunge wa upinzani, John Mnyika akiwa mstari wa mbele, walidai wapewe muda wa kuisoma na wananchi wapewe muda wa kusema. Walisimama, wakapiga kelele, na Spika Anne Makinda akawasimamisha wengi wao. Miswada ikapita katika ukumbi ambao upande mmoja wake ulikuwa karibu mtupu. Sikubaliani na kelele bungeni, kwa sababu mbunge anayetolewa nje hawezi tena kuwasilisha jedwali la marekebisho. Hata hivyo, sheria za kugawa mapato ya gesi kwa vizazi vijavyo zilistahili zaidi ya siku hizo.

Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Juni 2017, baada ya ripoti mbili za makinikia (mchanga wa madini) kusomwa mbele ya Rais Magufuli, miswada mingine mitatu ya rasilimali ilikuja kwa njia hiyohiyo. Kufikia wiki ya kwanza ya Julai, yote mitatu ilikuwa imepitishwa. Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa. Mengi katika sheria hizo nayaunga mkono kwa moyo wote, na wananchi wengi waliyashangilia. Lakini ardhi ya Simiyu ina nikeli, kwenye vilima vya Dutwa na Ngasamo vilivyochimbwa mashimo ya utafiti kwa miaka. Ni lini mtu wa Dutwa aliulizwa fidia ya shamba lake ikae vipi katika sheria mpya? Jambo jema pia linahitaji kusikilizwa, maana mwenye shamba ndiye anayejua mahali litakapombana.

Kuna njia nyingine ya haraka isiyopigiwa kelele sana, nayo ni muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Chini ya jina hilo moja hufungwa pamoja sheria sita, nane au kumi zisizo na undugu. Juni 2019 muswada wa namna hiyo ulikuja kwa hati ya dharura ukigusa sheria za makampuni, mashirika yasiyo ya kiserikali, jumuiya, filamu, takwimu na nyinginezo, na kabla mwezi haujaisha ulikuwa umepitishwa. Ndani yake mlikuwa na nafuu na mlikuwa na mzigo. Sheria ya Takwimu, iliyokuwa imekazwa Septemba 2018 hadi Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi hadharani, ililegezwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali, kwa upande wake, yakawekewa masharti mazito zaidi ya usajili na usimamizi. Mbunge angeweza kubishia kifungu kimoja kimoja kwenye Kamati ya Bunge Zima, ila mwisho wa siku alisema ndiyo au siyo kwa furushi zima. Na masharti hayo makali ya takwimu yalikuwa yametungwa na kurekebishwa ndani ya mwaka mmoja.

Bariadi imewahi kuwa na watu wanaoujua mtambo huu kwa ndani. Andrew Chenge alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 hadi 2005, akaingia Bungeni kwa Jimbo la Bariadi Magharibi, akakaa hadi 2020, na kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa Wenyeviti wa Bunge. Jirani yake wa Bariadi Mashariki, John Cheyo wa UDP, aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Mmoja alibobea katika uandishi wa sheria, mwingine katika kukagua fedha zikishatumika. Lakini ubingwa wa mbunge hauzibi pengo la muda. Muswada wa kurasa mia unaorejea sheria nyingine tano hausomeki kwa usiku mmoja, awe msomaji ni mwanasheria mkuu mstaafu au mwalimu wa shule ya msingi aliyechaguliwa juzi. Jedwali la marekebisho la Serikali likigawiwa asubuhi ya siku ya mjadala, mbunge anabaki kuliamini tu.

Kisesa, katika Wilaya ya Meatu, walionja upande mwingine wa jambo hili Juni 2024. Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka huo ulirekebisha pia Sheria ya Sukari ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uweze kununua na kuhifadhi sukari ya kuziba upungufu. Mbunge wao, Luhaga Mpina, alikuwa amemshutumu Waziri wa Kilimo Hussein Bashe kwa kulidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Juni 24 Bunge likamsimamisha kuhudhuria vikao 15. Nani alikuwa sahihi kuhusu sukari si hoja yangu hapa. Ninachokiona ni kwamba wiki ambayo sheria hiyo ilipitishwa, watu wa Kisesa hawakuwa na mtu ukumbini.

Umbali nao una nafasi yake. Juni 2023, kabla ya azimio la mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, Bunge liliwaita wananchi watoe maoni Dodoma kwa tangazo la siku moja kabla. Azimio si muswada, ila mazoea ni yaleyale. Mtu wa Bariadi anayelisoma tangazo hilo jioni hawezi kufika: basi la kupita Maswa, Shinyanga, Nzega na Singida linakula siku nzima. Aliyeweza kufika ni mwenye ofisi Dodoma, au mwenye tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam.

Kenya wamelipeleka suala hili mahakamani kwa sababu Katiba yao ya 2010 inalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, hoja mojawapo ikiwa ni vifungu vilivyoingizwa baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo Oktoba, lakini Bunge la Nairobi sasa linajua kwamba litadaiwa maelezo. Katiba yetu inasema, katika Ibara ya 21, kwamba kila raia ana haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Haisemi kwa siku ngapi. Na marekebisho ya 2020 kwenye sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka anayekwenda Mahakama Kuu aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, jambo lililoufanya mlango wa baada ya sheria kupita kuwa mwembamba. Mlango huo unaweza kubanwa namna hiyo, ndiyo maana siku za kabla ya sheria kupita zina thamani kubwa hivi.

Ningependa Kanuni zibadilishwe ili hati ya dharura ije na sababu zilizoandikwa na kuchapishwa, Bunge lizipigie kura kabla ya kitu kingine, na hata dharura ikikubaliwa, kamati isipewe chini ya siku saba za kusikiliza watu. Miswada ya mazao ya biashara isikilizwe inakolimwa, na ya pamba isikilizwe Bariadi. Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kisingizio kwamba mkulima hataelewa kimepungua sana.

Wakati hayo hayajafanyika, miswada huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, na maoni hupokelewa kwa maandishi na Katibu wa Bunge, Dodoma. AMCOS yenye mwenyekiti na katibu inaweza kuandika ukurasa mmoja: kifungu namba fulani, kitatuumiza hivi, tunaomba kisomeke hivi. Nakala apewe mbunge wa jimbo, na wabunge hao wameongezeka tangu Bariadi Mjini ilipofanywa jimbo mwaka 2025. Barua iandikwe Mei, kabla foleni ya mizani haijawa ndefu.